Usimfuate ndege, yangoje maji: uzi wa kupiga picha ndege wa maji kupwa, hori la Mida na kwingineko pwani

Ngojamaji (mleta uzi)

Wanajukwaa wenzangu, salaam. Kuna swali ninaloulizwa kila mara na vijana ninaokutana nao katika hori la Mida, karibu na Watamu, wakiwa na kamera nzuri kuliko yangu na picha nyingi za migongo ya ndege. Wanataka kujua ninatumia lenzi gani. Jibu huwavunja moyo, kwa kuwa lenzi yangu ni ya milimita 400, imechakaa, na hulenga kwa kusitasita jua linapokaribia kuzama. Picha zangu zilianza kupendeza siku nilipoanza kuhesabu tarehe za mwezi, na kwa sababu maelezo ya jambo hilo ni marefu, nimeona niyaandike hapa mara moja badala ya kuendelea kumjibu mmoja mmoja.

Nianze na kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza niliwafuata ndege. Maji yalikuwa yamepwa, tambarare yote ya tope na mchanga iko wazi, na mbali kidogo niliona kundi la ndege weupe wenye migongo myeusi wakikimbizana na kaa. Nikavua viatu, nikashuka. Kila nilipopiga hatua ishirini wao walisogea thelathini, bila kuruka na bila hata kunitazama, mpaka nikajikuta katikati ya hori, tope limefika magotini, jua la saa sita liko utosini, na wao wako mbali vilevile. Nilirudi na picha mia tatu za vidoa, nami nilichelewa kurudi, kwani nilikuwa nimesahau kwamba maji hayo yangejaa tena. Mama mmoja aliyekuwa akitoka kuokota chaza alinikuta nikihangaika kuuchomoa mguu wangu topeni, akaniambia, "Mwanangu, hao hawafuatwi. Wangoje, maji yatawaleta." Siku ile nilidhani ananifariji tu.

Ndege hawa wa miguu mirefu hawapangi siku zao kwa mchana na usiku kama sisi, bali kwa kupwa na kujaa. Maji yakipwa hutawanyika kula mahali penye upana wa kilomita kadhaa, na hapo hakuna lenzi itakayowafikia. Maji yanapoanza kujaa, eneo la kulia hupungua, nao husogea kidogo kidogo kuelekea nchi kavu, wakikusanyika kwenye vipande vya mchanga vilivyobaki, hadi maji yajae kabisa ndipo wasimame kwa mguu mmoja na kupumzika. Kwa hiyo mtu aliyekaa kimya ukingoni, saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa, huletewa na bahari kundi lile lile ambalo asubuhi lilimkimbia.

Wenyeji wa pwani wameyajua haya tangu utotoni, lakini nawaandikia pia walioko bara. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu. Katika pwani yetu, maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50, hivyo baada ya wiki moja mambo hugeuka: katika maji mafu, maji hujaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni.

Sasa yaweke haya pamoja na jua. Daraja la mbao la Mida, lile linaloning'inia kati ya mikoko na kuishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege, liko upande wa magharibi wa hori, kwa hiyo ukiwa kibandani unatazama mashariki. Alasiri jua liko mgongoni mwako na linawaangaza ndege usoni. Siku za bamvua maji huwa yanajaa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi, maana yake ni kwamba saa nane na saa tisa ndege wanasogezwa kuja kwako na mwanga unazidi kuwa mzuri. Asubuhi mahali hapo hapo ungepata vivuli vyeusi tu. Pwani nyingine zinazotazama mashariki, zenye bahari wazi mbele, ukitaka kuzipiga asubuhi, fanya kinyume chake: uende siku za maji mafu, saa moja hadi saa tatu, na utafute namna ya kukaa ili jua lisikutazame machoni, kwa mfano kwenye ulimi wa mchanga unaoingia baharini. Niliposhika hesabu hii niliacha kwenda horini kila Jumamosi, nikawa naenda mara nne au tano kwa mwezi, na kila mara nilirudi na kitu.

Kibanda kile, kwa wasiokijua, kiliwekwa ili watu watazame ndege bila kushuka topeni, na kiingilio cha daraja husaidia karo za sekondari za watoto wa jamii zinazopakana na hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kusikia watu wakibishana getini juu ya kiasi ambacho hakitoshi kununua hata kadi ya kumbukumbu ya kamera.

Kuhusu kamera, nitasema machache. Kwa ndege anayetembea polepole, kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia, ya 1/500 ya sekunde inatosha. Kwa anayekimbia au kuruka, usishuke chini ya 1/2000, na kama mwanga hautoshi pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila woga, maana chembechembe za picha zinaweza kupunguzwa baadaye lakini ukungu wa mwendo hauondoki. Shuka chini. Picha iliyopigwa na mtu aliyesimama humwonyesha ndege akiwa amebandikwa juu ya tope, ilhali iliyopigwa kutoka usawa wa jicho lake humtenga na mandhari ya nyuma, na anayeitazama huhisi yumo horini. Mimi hulala kifudifudi juu ya gunia, kamera ikiwa imeegemea mfuko wa maharage. Ukipenda kutumia tripodi, weka sinia kuukuu chini yake, la sivyo itadidimia wakati wa picha ile ile uliyoingojea. Ukirudi nyumbani futa kila kitu kwa kitambaa kilicholowekwa maji baridi ya kunywa kisha kikamuliwe, kwa sababu chumvi hula vifaa hivi usiku na mchana.

Jambo la mwisho kwa leo ni mazigazi. Kuanzia saa nne asubuhi, tope likishapata moto, hewa iliyo juu yake hucheza, na ndege aliye mbali hutoka kama ametengenezwa kwa maji. Watu wengi huirudisha lenzi dukani wakidhani ni mbovu. Lenzi ni nzima. Kinachotakiwa ni ndege awe karibu, na hapo tunarudi palepale kwenye kungoja maji.

Maswali yanakaribishwa.

Mwanagenzi wa Kunduchi

Shikamoo mleta uzi. Nashukuru kwa darasa hili, nami nina maswali mawili. La kwanza, mimi niko Dar es Salaam na nina simu tu pamoja na darubini kuukuu aliyoniachia babu yangu. Je, nimo au simo? La pili, kila nikimpiga picha yangeyange anatoka kama karatasi nyeupe, hana unyoya hata mmoja, na mashine inaniambia kila kitu kiko sawa.

Ngojamaji

Marahaba, mwanangu. Umo kabisa. Simu ukiishikilia vizuri nyuma ya jicho la darubini inapiga picha za kuridhisha kwa ndege aliyesimama, mradi darubini iwe imeegemezwa mahali imara na wewe ubonyeze kwa kutumia kipima muda, kwa kuwa kidole chenyewe hutikisa kila kitu. Tena uko jirani na mabwawa ya chumvi, ambayo ni mahali pazuri sana wakati wa maji kujaa: pwani ikifunikwa, ndege wengi huhamia kwenye kingo za mabwawa kungoja. Omba ruhusa kwa wenye shughuli yao kwanza. Hesabu ya maji ya Dar na Unguja ni karibu sawa na ya huku kwetu.

Kuhusu yangeyange, kamera hukadiria mwanga kwa kudhani kwamba kila kitu ulimwenguni, kikichanganywa, kina wastani wa kijivu. Ukimweka ndege mweupe mdogo mbele ya tope jeusi, kamera huona giza jingi, huongeza mwanga ili kulifidia tope, na ndege huungua. Punguza mwanga kwa theluthi mbili za kituo au kituo kizima (kituo kimoja ni kupunguza mwanga kwa nusu). Kwenye simu, gusa juu ya ndege kisha teremsha alama ya jua. Tazama histogramu, ule mchoro unaoonyesha giza upande wa kushoto na weupe upande wa kulia, kama kamera yako inayo, na usiruhusu mlima wake ugonge ukuta wa kulia. Picha ikitoka nyeusi kidogo unaweza kuifufua, ila weupe uliokwisha kuungua haurudi.

Umtazame pia miguu. Yangeyange mdogo ana miguu myeusi yenye vidole vya manjano, naye huvitikisa vidole hivyo kwenye maji ya kina kifupi ili samaki wadogo washtuke. Katika pwani yetu yupo pia yangeyange wa mwambani, Egretta dimorpha, ambaye wengine ni weupe na wengine wa rangi ya mkaa, ndugu kwa ndugu, jambo ambalo humchanganya kila anayeanza. Ukibahatika kumpata Egretta ardesiaca, yule mweusi anayekunja mabawa mbele kuwa mwavuli ili afanye kivuli juu ya maji, andaa kasi kubwa ya shata, kwa kuwa mwavuli hufunguliwa na kufungwa mara moja, na anayesubiri ufunguke ndipo abonyeze huwa amekwisha chelewa. Bonyeza anapoinamisha shingo.

Bi Mikoko, Bagamoyo

Naomba kuchangia kwa heshima, na pia kupinga kidogo. Mleta uzi ameeleza vizuri jinsi ya kupata picha, lakini amewapitia ndege wenyewe haraka mno, na naamini mtu asiyejua ndege anafanya nini atapiga picha za sanamu maisha yake yote. Mimi nilitazama kwa darubini miaka mitatu kabla sijanunua kamera, wala sijutii.

Chukua jambo moja tu. Katika tambarare ya maji kupwa kuna namna mbili kubwa za kula. Wale wenye mdomo mfupi na macho makubwa, ambao wengi wetu tunawaita vitwitwi, huwinda kwa macho: hukimbia, husimama ghafla, hutazama, hudonoa, hukimbia tena. Wale wenye mdomo mrefu, yaani chamchanga na jamaa zao, huwinda kwa kugusa. Ncha ya mdomo ina neva zinazohisi mnyoo ndani ya tope, hivyo wao hutembea vichwa vikiwa chini na kushona ardhi kama cherehani. Mpigapicha akishajua hili, hahitaji bahati. Kitwitwi atasimama, na ndipo utakapombonyezea. Chamchanga hasimami, lakini atainua kichwa kila anapomvuta mnyoo, kwa hiyo ngojea pale.

Kisha kuna wale wanaovunja kanuni. Xenus cinereus, mwenye mdomo uliopinda kwenda juu na miguu ya rangi ya chungwa, hukimbia ameinama kama mtu aliyedondosha sarafu. Kipindua mawe hufanya jina lake: hupindua mawe, kombe na mwani, na siku moja nilimwona akipindua kandambili iliyotupwa, akamkuta kaa chini yake. Na sululu, ambaye jina lake tunalitumia pia kwa chombo cha kuchimbia, ana mdomo uliopinda kwenda chini kwa kadiri ile ile ya shimo la kaa; huuingiza, huuzungusha, humtoa kaa, humng'oa miguu, humwosha kama kuna dimbwi karibu, kisha humeza. Mtu akikaa na sululu mmoja kwa nusu saa anaweza kupata picha sita zinazosimulia kisa kizima, na kisa hicho kina thamani kuliko ndege kumi tofauti waliosimama tu.

Mnisamehe kwa kurefusha, lakini nataka kusema kwa nini nawatetea hawa wa kawaida. Sululu wetu anayepiga miluzi ya haraka, mara nyingi saba hivi, kila anapotishwa, alikuwa na jamaa yake mwenye mdomo mwembamba, Numenius tenuirostris. Mara ya mwisho alionekana bila shaka yoyote nchini Moroko mwaka 1995, na mwaka 2025 ikatangazwa rasmi kwamba ametoweka duniani. Mwaka 2024 kitwitwi wa kijivu na chamchanga mwenye mdomo uliopinda, ambao sote tumewapuuza mara ngapi, waliingizwa katika daraja la viumbe walio hatarini. Huyu wa pili ana uzito wa gramu 60 hivi, huzaliana huko Taimyr, kaskazini kabisa mwa Siberia, kisha huja kula kwetu. Mtazameni mwezi wa Machi na Aprili, rangi yake inapobadilika kutoka kijivu na kuwa ya tofali.

Ngojamaji

Dada yangu, nimekubali kosa, na cherehani yako nitaiazima. Niongezee tu kuhusu kitwitwi wa kijivu, kwa wanaopata taabu kumtofautisha na wenzake akiwa katika mavazi ya huku: mngojee aruke. Ana makwapa meusi, na hakuna mwingine wa ukubwa ule pwani yetu aliye nayo. Hapo picha mbovu kabisa ya ndege anayekimbia angani inakuwa na faida kuliko picha safi ya ndege aliyesimama.

Mkaazi wa Muscat

Assalaam alaykum. Nimeingia jukwaani kwa sababu ya wale ndege weupe wenye migongo myeusi ambao mleta uzi aliwafukuza mwaka wake wa kwanza. Nadhani ni Dromas ardeola, mla kaa, na kama ndivyo basi mnawapiga picha wageni waliotoka huku kwetu.

Ndege huyu ni wa pekee hata katika nasaba: familia nzima ya Dromadidae ina yeye tu. Huzaliana katika fukwe na visiwa vya Ghuba, Rasi ya Uarabuni na kando ya Bahari ya Shamu, tena wakati wa joto kali kuanzia Aprili, joto ambalo binadamu hujificha ndani. Huchimba shimo refu kwenye mchanga, zaidi ya mita 1, na kutaga humo yai moja tu jeupe pee. Ndege wengine wa jamii hizi hutaga mayai yenye madoa juu ya ardhi ili yasionekane, na makinda yao hutembea siku ile ile. Yeye yai lake liko gizani, halihitaji madoa, na mchanga wenye joto humsaidia kuliatamia. Kinda hubaki shimoni, likiletewa kaa na wazazi.

Nimetembelea Barr Al Hikman, tambarare ya pwani iliyo kusini ya Muscat, mkabala wa kisiwa cha Masirah. Wakati wa baridi hukusanyika pale ndege wa maji kupwa zaidi ya nusu milioni, na wala kaa ni maelfu. Ukisimama pale huoni mwisho wa maji wala mwanzo wa mbingu, na picha nilizopiga zote zilishindwa kwa sababu hiyo: hapakuwa na kitu cha kuonyesha ukubwa wake, hadi jamaa mmoja wa mvuvi alipopita na gari lake kwa mbali.

Nina jambo ambalo hunifikirisha. Mababu zetu walipokuja huko kwenu kwa majahazi waliingoja kaskazi iwasukume, na walingoja kusi iwarudishe. Wala kaa huanza kufika kwenu Agosti, kusi ikiwa bado inavuma, yaani huja wakipambana na upepo, na huondoka Aprili, kusi inapoanza, wakiwa nao mgongoni. Nusu moja ya safari wanakubaliana na mabaharia na nusu nyingine wanawabishia.

Swali langu kwa mleta uzi: je, umewahi kuwaona watoto wakiomba chakula huko Mida? Huku nimeambiwa kwamba wazazi huendelea kuwalisha hata baada ya safari.

Ngojamaji

Wa alaykum salaam, mzee wangu. Ndiyo, nimewaona. Mtoto ana kijivu mahali ambapo mzazi ana weusi, na kichwa chake kina michirizi. Hutembea nyuma ya mkubwa akiwa ameinama na kulia kwa sauti nyembamba, huku mkubwa akijifanya hasikii, mpaka apate kaa mdogo ndipo atoe. Nilipiga picha hiyo mara ya kwanza mwezi Novemba bila kuelewa ninachokiona, nikaandika chini yake kwamba ni ndege wawili wakigombana. Leo nimeirekebisha maelezo yake baada ya miaka sita.

Mpenda Anga

Naomba kuuliza wakubwa, je, kamera ya kurusha angani isingesaidia? Ungepata kundi lote kutoka juu. Pia nimekuta mayai mawili kwenye mchanga mkavu karibu na mdomo wa mto Sabaki. Niweke picha na ramani ya mahali?

Bi Mikoko, Bagamoyo

Mwanangu, tafadhali usiweke ramani, wala usirudi pale bila sababu. Hayo yanaweza kuwa ya kitwitwi mwenye paji jeupe, ambaye ni mwenyeji wa fukwe zetu mwaka mzima. Akiondoka kwenye kiota huyafukia mayai kwa mchanga kiasi, kwa hiyo wewe uliyeyaona mawili huenda ulipita karibu na mengine usiyoyaona. Ukiona ndege mdogo anakimbia mbele yako akiburuta bawa kama amevunjika, ujue anakutoa kwenye kiota. Mfuate hatua chache kwa adabu, kisha uondoke kwa njia uliyojia. Ukipiga picha ya yai huku mama yake akiwa amesimama juani kwa mbali, umepata picha na yeye amepoteza yai, kwani mchanga wa saa saba hulipika.

Ngojamaji

Kuhusu kamera ya angani, mbali na vibali vinavyohitajika, ndege hawa huitazama kama mwewe. Kundi lililopumzika wakati wa maji kujaa likirushwa mara tatu kwa alasiri moja, linatumia mafuta ambayo limeyakusanya kwa ajili ya safari, na mwezi wa Machi mafuta hayo ndiyo kila kitu. Kipimo changu ni hiki: ndege anayekula akiacha kula na kuinua kichwa, nimesogea mno; nasimama. Akianza kutembea kwa haraka kwenda upande mwingine, narudi nyuma. Akiruka, nimeshindwa kazi hata kama picha ya kuruka kwake ni nzuri.

Mvuvi wa Mafia

Mimi si mpigapicha, lakini naomba niseme upande wetu. Sisi tunao wala kaa na sululu tele, kuanzia Mafia hadi delta ya Rufiji, na tangu mwaka 2004 eneo hili pamoja na Kilwa limo katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Wageni wanaokuja na lenzi ndefu hutuomba tusipite na mitumbwi ili tusiharibu picha, na wengine huwapungia mkono mama zetu wanaookota chaza wasogee pembeni. Watu hawa wamepita pale tangu kabla ya kamera, na ndege wamezoea miguu yao. Mama akiinama na kikapu, sululu hukaa hatua chache kutoka kwake. Anayewatisha ni yule anayenyemelea.

Ngojamaji

Ndugu yangu, umesema neno kubwa kuliko yote yaliyomo katika uzi huu. Nimeliona kwa macho yangu Mida: ndege wanaojitenga na mpigapicha anayetambaa kama chui hula bila wasiwasi karibu na mtu anayefanya kazi yake. Picha yangu ninayoipenda zaidi ina mama wa kikapu, nyuma yake ukungu wa mikoko, na mbele wala kaa wawili. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuipiga, nikampelekea nakala iliyosafishwa, ameitundika sebuleni.

Mwanagenzi wa Kunduchi

Narudi na ripoti. Nilikwenda Jumapili, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Nilifika saa nane, nikakaa ukingoni mwa bwawa la chumvi, nikaona aibu kwa sababu kwa saa nzima hapakuwa na kitu. Saa tisa na nusu wakaanza kuja, kwanza vitwitwi wadogo kumi hivi, kisha chamchanga, halafu kundi ambalo sikuweza kulihesabu. Picha nyingi zimetoka vibaya. Moja ni ya chamchanga mwenye mdomo uliopinda, na mguuni ana pete ya chuma na kitu cha rangi. Nifanye nini?

Ngojamaji

Hongera sana, mwanangu. Ikuze picha hiyo bila kuikata, uangalie rangi ni ipi, iko mguu upi, juu au chini ya goti, na kama kuna herufi au tarakimu zozote zinazosomeka hata nusu. Andika tarehe, saa na mahali. Tuma kwa wanaoshughulika na pete za ndege, zinazovishwa ili kufuatilia safari zao. Huku Watamu, shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya wamekuwa wakiwavisha pete ndege wa Mida kwa miaka mingi, nao watajua pa kuipeleka hata kama pete si yao. Usifute zile picha mbaya za kundi lilelile, kwa sababu mara nyingi tarakimu inayokosekana iko kwenye picha ambayo jicho la ndege limetoka nje ya ulengaji.

Bamvua ijayo inaangukia Ijumaa na Jumamosi. Mimi nitakuwa kibandani kuanzia saa nane, na gunia la ziada ninalo.